Wando Usio na Fito: Maji Baridi ya Machi 2021 Pwani ya Afrika Kusini

Mwezi Machi 2021, majira ya joto yakielekea ukingoni kusini mwa bara letu, bahari ilianza kutupa mizoga kwenye fukwe za kusini-mashariki mwa Afrika Kusini. Kulikuwa na samaki taa wakubwa aina ya manta, wale wenye mabawa mapana kuliko upana wa ngalawa. Kulikuwa na papa wa Zambezi, yule mnene mwenye pua butu anayesifika kwa kupanda mitoni. Kulikuwa na samaki wa miambani wa kila umbo. Mtu wa pwani yetu akisikia samaki wamekufa kwa wingi namna hiyo, wazo la kwanza ni baruti, la pili ni sumu. Safari hii muuaji alikuwa maji baridi.

Mizoga ilipotambuliwa, zikapatikana spishi 81. Kisa hiki kiliandikwa na kundi la watafiti lililoongozwa na Nicolas Lubitz wa Chuo Kikuu cha James Cook, Australia, na kikachapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Climate Change. Nimekirudia mara nyingi, kwa sababu mimi ni mzamiaji niliyelelewa na maji ya joto ya Mafia, na kwa sababu naona watu wengi wanaokisimulia wanaishia nusu. Wanasema samaki walikufa kwa baridi. Ni kweli, lakini baridi ilikuja mwisho. Kilichowafikisha pale pa kufia ni joto lililotangulia.

Tuanze na maji yenyewe, maana ni ndugu wa maji yetu. Mkondo mkuu wa Bahari ya Hindi ulio kusini ya ikweta hutoka mashariki kwenda magharibi, hupita ncha ya kaskazini ya Madagaska, kisha hukutana na bara la Afrika karibu na Rasi Delgado, pale Tanzania inapopakana na Msumbiji. Hapo hugawanyika. Tawi moja hupanda kaskazini: ndilo linalopita Mtwara, Mafia, Unguja na Pemba hadi Kenya. Maji mengine hushuka kusini kupitia Mlango wa Msumbiji, si kwa mkondo mmoja ulionyooka bali kwa mizunguko mikubwa inayojiviringisha polepole, kisha hukutana na maji yanayotoka kusini-mashariki ya Madagaska. Yakishaungana huitwa mkondo wa Agulhas. Kwa hiyo lava, yaani kitoto kichanga cha samaki, aliyeachwa na mama yake kwenye matumbawe ya kaskazini mwa Msumbiji anaweza kuchukuliwa kuja kwetu au kupelekwa kule, na hana usemi wowote.

Agulhas ni miongoni mwa mikondo yenye nguvu kuliko yote duniani. Hupitisha zaidi ya mita za ujazo milioni 70 za maji kila sekunde, na katikati yake kasi hupita mita moja na nusu kwa sekunde. Hakuna mzamiaji wa kuushinda kwa mapezi. Ukizamia kwenye mwamba wa Protea Banks, kusini mwa Durban, unashuka ukijua utabebwa, na boti inafuata boya lako. Pwani ya jimbo la KwaZulu-Natal, ukingo wa bara, pale sakafu ya bahari inapoanza kuporomoka kwenda kilindini, uko karibu sana na ufuko, kwa hiyo mkondo unapita ukikumbatia pwani, na ndiyo maana Sodwana Bay ina matumbawe ambayo mtu wa Pemba angeyatambua mara moja. Lakini ukishapita miji ya East London na Port Alfred, ukingo huo wa chini ya bahari unaanza kujitenga na nchi kavu. Mkondo unaufuata ukingo, hivyo unaondoka na joto lake kuelekea bahari kuu. Ndani, kati ya mkondo na ufuko, inabaki sakafu pana ya kina kifupi iitwayo Agulhas Bank, na chini yake maji baridi yametulia yakisubiri nafasi.

Upande wa pili, magharibi ya Cape Town, kuna Benguela, maji ya kijani ya nyuzi joto 10 hadi 14 yaliyojaa chakula na misitu ya kelpi, yaani mwani mrefu kama minazi. Wageni hupelekwa Cape Point au Rasi Agulhas wakaoneshwa “mahali bahari mbili zinapokutana”, na wengi hutafuta mstari majini kama mpaka wa shamba. Mstari huo haupo. Mpaka unahama kwa mamia ya kilomita, na zaidi ya hayo umelala pia kwa ubapa. Juu maji ya joto, chini maji baridi, na kwa siku nyingi za mwaka mpaka wa kweli uko chini ya mapezi yako, mita 10 au 20.

Niliujua mpaka huo kwa mwili kabla sijausoma. Safari yangu ya kwanza kule nilizamia kwanza mwamba wa Aliwal Shoal karibu na Durban, maji nyuzi 24, nikiwa na suti nyepesi niliyotoka nayo nyumbani, nikajiona mwenyeji. Siku kadhaa baadaye nilikuwa Gqeberha, mji uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth. Mwongozaji aliitazama suti yangu, akasema, “Kaka, hii iache kwenye gari,” akanipa nyingine ya milimita 7 yenye kofia. Juu maji yalikuwa mazuri tu. Tulipofika kama mita 12 nikaona mbele yangu ule mtetemo, kama hewa inavyotetemeka juu ya lami saa saba mchana. Ndiyo themoklaini, mahali joto na baridi vinapogusana. Nikaingiza mkono, nikahisi kama nimeutia kwenye ndoo ya barafu ya muuza samaki. Mwili ulipofuata, pumzi ilikatika, kisha ikarudi kwa fujo, na nusu ya hewa yangu iliisha kabla ya dakika 20.

Lakini kilichonikaa moyoni ni kingine. Juu kidogo ya ule mtetemo, kwenye ufa wa mwamba, palikuwa na samaki kitatange wawili wadogo, wa njano, walewale ninaowaona Chole, kwetu Mafia, kila wiki. Wenyeji wanawajua. Kila majira ya joto mkondo huwashusha wakiwa wachanga, wakatua kwenye miamba ya kusini ambako wazazi wao hawajawahi kufika, wakakua miezi michache, kisha majira ya baridi yakawamaliza. Wanasayansi huwaita wageni waliopotea. Mimi niliwaona kama watu wa kwetu ugenini.

Sasa turudi Machi 2021. Kitu kinachoamsha maji ya chini ni upepo wa mashariki. Pwani ile ya kusini imelala takribani mashariki kwa magharibi. Upepo ukivuma kutoka mashariki ukiambaa na pwani, tungetarajia maji yaende nao. Hayaendi. Kwa sababu dunia inazunguka, kusini ya ikweta maji yanayosukumwa na upepo hupinda kushoto, na kushoto ya anayeelekea magharibi ni kusini, yaani bahari kuu. Kwa hiyo tabaka la juu, lile la joto, linavutwa kutoka ufukweni kama shuka linavyovutwa kitandani, na maji ya kilindi yanapanda kujaza pengo. Huanzia kwenye rasi, kama Rasi Recife karibu na Gqeberha, kisha husambaa. Mkondo wa Agulhas nao husaidia, maana pale unapoanza kuiacha pwani hunyanyua maji ya chini kuelekea kwenye sakafu ile ya kina kifupi. Ndani ya siku moja, maji yaliyokuwa zaidi ya nyuzi 20 yanaweza kuporomoka hadi chini ya 15.

Upepo huo ukivuma siku moja, wenye kujua wanapita. Samaki wanasogea, maji yanageuka, maisha yanaendelea. Ukishikilia siku baada ya siku, baridi inafika juu kabisa na kuenea kwenye pwani ndefu, na hapo ndipo ilipo hatari. Samaki, isipokuwa wa aina chache, hana joto lake mwenyewe. Damu yake ni joto la maji aliyomo. Maji yakishuka ghafla, moyo wake unapunguza mapigo, misuli inalegea, na matamvua hayawezi tena kulinda mizani ya chumvi mwilini. Angekuwa na wiki tatu angejirekebisha kidogo. Kwa siku moja hawezi. Anakimbilia kule maji yalikobaki na uvuguvugu, mara nyingi kwenye kina kifupi karibu na mawimbi, na hapo akilegea mawimbi yanamalizia kazi.

Kwa samaki mdogo wa mwambani hilo halishangazi. Linaloshangaza ni papa wa Zambezi. Huyu ni msafiri. Mwaka 2009 watafiti walieleza jinsi walivyomnasa jike wa mita 4 kwenye mlango wa mto Breede, mbali kusini-magharibi kuliko wengi walivyotarajia, na kumfuatilia kwa saa 43. Ni mnyama mwenye nguvu ya kuondoka pakimchosha. Kwa nini hakuondoka?

Jibu liko kwenye vifaa. Kundi la Lubitz lilikuwa na kumbukumbu za papa wa aina hiyo waliofungwa vifaa vya kielektroniki, papa walio hai, wakisafiri kwenye maeneo ambako maji ya kilindi hupanda. Papa hao walibadili njia za safari zao, na walipokatiza maeneo hayo walibaki karibu na uso wa maji kuliko kawaida. Maana yake wanaijua baridi. Wanapita juu yake kama mtu anavyopita kwenye daraja jembamba, juu ya uvuguvugu, chini ya mauti. Sasa fikiria daraja lenyewe linavunjika: baridi inapanda hadi juu, kwa urefu wa pwani nzima, na wewe uko katikati ya safari. Sioni njia ambayo mnyama yule angeitumia.

Wengine wamepinga kwa hoja yenye uzito. Wanasema baridi hii si mpya, na ni kweli. Miaka ya 1980 watafiti wa Tsitsikamma, hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1964 na kongwe kuliko zote barani Afrika, waliandika kuhusu maji kuporomoka joto ghafla na samaki kudhurika. Wavuvi wa huko hawakuhitaji jarida kuwaambia. Basi kwa nini kuuhusisha mwaka 2021 na mabadiliko ya tabianchi?

Nawajibu kwa mambo mawili. La kwanza ni upepo. Watafiti walipitia kumbukumbu za miaka 41 za joto la uso wa bahari na miaka 33 za upepo, kando ya Agulhas na kando ya mkondo wa Australia Mashariki, wakaona matukio ya maji baridi kupanda yanaongezeka kwa idadi na kwa ukali. La pili, ambalo kwangu ndilo kiini, ni wageni. Bahari inavyopata joto, wanyama wa maji ya joto wanasogea kusini zaidi na kukaa muda mrefu zaidi. Yaani meza inapanuliwa, wageni wanaongezeka, na wakati huohuo mlango unaanza kufungwa kwa kishindo mara nyingi kuliko zamani. Baridi ileile ya miaka ya 1980 ikirudi leo inakuta walio wengi zaidi wa kuwaua.

Kwetu kuna mtego unaoitwa wando. Unajengwa kwa fito kwenye kina kifupi, samaki wanaingia nao maji yakijaa, wanakula, wanazunguka, kila kitu ni shwari. Maji yakipwa ndipo wanapojua wako wapi. Hakuna aliyewafukuza kuingia humo. Waliingizwa na maji mazuri. Pwani ile ya kusini ni wando usio na fito, na badala ya kupwa na kujaa kuna joto na baridi.

Na wando huo unatega pande zote mbili. Mwaka huohuo wa 2021, kundi lingine la watafiti, akiwemo Peter Teske wa Chuo Kikuu cha Johannesburg, lilichapisha katika Science Advances uchambuzi wa vinasaba vya sadini wa ile safari maarufu. Karibu kila mwaka, takribani Mei hadi Julai, mamilioni ya sadini hupanda pwani kuelekea KwaZulu-Natal wakifuata ukanda mwembamba wa maji baridi karibu na ufuko. Wazamiaji wa dunia nzima hufika mji wa pwani wa Port St Johns kuona pomboo wakiwakusanya kuwa mpira mmoja unaong'aa, papa wakiupasua kutoka pembeni, ndege wakitumbukia kutoka juu kama mawe, na nyangumi akija mwisho kumeza kilichobaki. Ni tamasha kubwa kuliko yote niliyowahi kuyasikia ya chini ya maji. Vinasaba vikaonyesha kwamba sadini wengi wanaoshiriki ni wa asili ya maji baridi ya upande wa Atlantiki. Wanavutwa na maji ya kilindi yaliyopanda kwa muda pwani ya kusini-mashariki, wanafuata ubaridi waliouzoea, kisha ubaridi unakwisha na wanajikuta wamebanwa kati ya ufuko na mkondo wa joto, wakiliwa. Watafiti waliita mtego wa kiikolojia, na wakadokeza kwamba huenda ni tabia iliyobaki tangu enzi ya barafu, wakati kule kaskazini palikuwa na maji baridi ya kufaa kulelea vifaranga.

Yaweke mambo haya mawili pamoja. Samaki wa baridi anaongozwa na baridi ya muda mfupi hadi kwenye joto linalomshinda. Samaki wa joto anaongozwa na joto la muda mfupi hadi kwenye baridi inayomuua. Upepo uleule wa mashariki una mkono kwenye yote mawili. Ndiyo maana siamini ufafanuzi wowote wa kisa cha Machi 2021 unaotazama kipimajoto cha siku ile peke yake.

Kwa mzamiaji, kisa hiki kina upande wa kazi ambao siwezi kuuacha. Wenzangu wanaotoka huku kwenda kule huuliza, “Maji nyuzi ngapi leo?” Swali hilo halitoshi. Namba ya leo ni ya juu ya maji na ni ya asubuhi hii. Cha kuuliza ni upepo umevuma kutoka wapi kwa siku tatu au nne zilizopita, na boti ya jana ilikuta mpaka wa baridi mita ngapi. Wazamiaji wa Cape Town wana desturi hii tayari: upepo wa kusini-mashariki ukishavuma majira ya joto, wanajua upande wa Atlantiki utakuwa baridi sana na mweupe, unaona mbali, kwa sababu maji machanga ya kilindi bado hayajaota vijimea. Majira ya baridi, upepo ukiwa wa kaskazini-magharibi, wanahamia ghuba ya False Bay, upande wa pili wa rasi. Wanausoma upepo kama manahodha wetu wanavyosoma kusi na kaskazi.

Maji huchukua joto la mwili mara 25 hivi kwa kasi kuliko hewa, na suti ikibanwa na kina inakuwa nyembamba, kwa hiyo pale chini unapoihitaji zaidi ndipo inapokusaidia kidogo zaidi. Vidole vinakufa ganzi kwanza. Hapo kazi ndogo kama kubonyeza vali ya kutoa hewa au kufungua kamba ya boya inakuwa kubwa, na pumzi inakimbia. Nimekuwa mkali kwa wanafunzi wangu juu ya jambo hili: ukivuka ule mtetemo na mwili ukakataa, rudi juu yake. Mara nyingi mita tatu tu zinatosha kukurudisha kwenye maji ya kuishi. Papa wa Lubitz walifanya hivyohivyo.

Na ukikutana na samaki wamelala sakafuni wanahema polepole, au taa mkubwa anayeelea bila kukukwepa, usimguse wala usimsogelee kwa picha. Hajakuzoea, amelegea. Toa taarifa kwa wenye hifadhi, andika kina, joto kwenye kompyuta yako ya kuzamia na saa. Kumbukumbu ya namna hiyo ni adimu, maana satelaiti inaona ngozi ya bahari tu, na baridi hii huanza kuua kabla haijafika juu.

Linaloniuma kuhusu Tsitsikamma ni kwamba ni hifadhi nzuri. Nyavu hazimo, ndoana zimedhibitiwa, chewa wanazeeka humo. Lakini hifadhi hupangwa kwa mstari juu ya ramani, na maji yaliyoua mwaka 2021 yalitoka chini. Sisemi hifadhi hazina kazi. Samaki walio wengi na wenye umri mchanganyiko hurudi upesi baada ya pigo kuliko waliovuliwa wakabaki wachache. Ila kwa wanyama wasafiri, kama manta na papa wa Zambezi, ningependa kuona milango ya mito na ghuba tulivu za pwani ile zikilindwa kwa bidii ileile, kwa sababu ndizo sehemu ambako uvuguvugu hubaki siku kadhaa baada ya bahari ya nje kupoa. Na papa hao ni wetu sote: wanaoonekana Agulhas wakati wa joto hupanda kaskazini hadi maji ya Msumbiji.

Kitatange wale wawili wa Gqeberha sikuwaona tena. Niliporudi kwenye ufa uleule msimu mwingine wa joto, palikuwa na watatu, wadogo kama sarafu ya shilingi mia, wamegeuza vichwa kuelekea mkondo uliowaleta.